Swali la Mdomoni mwa Shimo

Shimo letu la shaba lilikuwa upande wa Kambove, na tulikuwa watu watano, tukilala huko juma zima. Yaya yangu, yaani kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama, ndiye aliyekuwa mkubwa wa timu. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika kamba, tulisimama kuuzunguka mdomo wa shimo, tukavua kofia, na yaya akamuuliza kila mmoja kwa zamu yake:

"Uko na kitu?"

Aliyejiona safi alijibu, "Siko na kitu," akashuka. Aliyekuwa na kitu, yaani aliyetoka nyumbani amegombana na mke wake, au aliyelala pasipo pake, au aliyemdhulumu mwenzake, alisema, "Leo nabaki juu." Siku hiyo angevuta kamba na kupanga mifuko. Akiisha kupatana na mtu wake, angeshuka. Wakatoliki tulifanya hivyo, watu wa makanisa ya maombi walifanya hivyo, na yule mmoja wetu asiyesali popote alifanya hivyo kuliko sote. Tuliamini kwamba ardhi haimpokei mtu mwenye kitu. Inamfunga.

Kwa kawaida aliyebaki juu hakuulizwa sababu. Lakini midomo ya watu haifungwi. Mmoja wetu, mzee mwenye pengo mbele, alikuwa akisema, "Aa, muache abaki. Jana mbwa balibweka sana karibu na nyumba ya ule mujane." Watu walicheka mpaka wakashika magoti. Mimi nilikiogopa kicheko kile kuliko nilivyoliogopa shimo. Niko hivyo tangu utoto. Katika mwaka wa pili wa shule ya msingi nilijikojolea kwenye benchi kwa sababu sikuweza kunyoosha mkono mbele ya wenzangu kuomba ruhusa ya kutoka.

Kulikuwa na desturi nyingine pia. Mdomoni mwa shimo hakuna anayetaja kuanguka. Husemi "udongo umelegea," husemi "ufa." Anayetaja anaita. Mwenye neno la namna hiyo alingoja jioni, kwenye moto, mbali na shimo, akalisema kwa sauti ndogo.

Mimi nilikuwa na jioni nzima.

Ilikuwa Jumatano alasiri. Nilikuwa navuta mfuko kutoka mwisho wa njia ya chini kuupeleka kwenye kamba, nikasikia udongo mkavu ukinimwagikia shingoni, kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi. Nikainua kichwa na tochi yake. Nyuma ya mti wa tatu, ile miti tuliyosimamisha kushika dari, kulikuwa na ufa. Nikatia kidole kimoja, kikaingia. Nikatia cha pili, kikaingia. Nikakaa pale nikingoja, na udongo ukamwagika tena.

Jioni tulikula bukari, ugali wetu, na dagaa wa ndakala katika sufuria moja. Yaya alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu baba alipofariki. Siku ile mstari wa jiwe la kijani ulikuwa umepanuka ukafikia upana wa mlango, na timu ikiacha shimo lake hata siku mbili, wengine huingia. Mzee wa pengo alikuwa anaiga jinsi mnunuzi atakavyotoa macho akiona mifuko yetu. Neno lilikuwa tayari mdomoni mwangu. Nililitafuna pamoja na bukari, nikalimeza. Nilijiambia: yaya ni mkubwa, ana macho, na mimi nani.

Asubuhi ya Alhamisi yaya akauliza, na zamu yangu ikafika. Sikujibu kwa haraka. Nilifumba macho nikajitafuta kwa kweli. Je, nimegombana na mtu? Sikugombana. Mwanamke? Sijamjua. Nimeiba? Sikuiba. Nilikuta kwamba nilimwonea yaya wivu kwa sababu ya buti zake mpya, nikamwomba Mungu msamaha palepale nimesimama. Kisha nikasema, "Siko na kitu," na nilisema bila woga. Ufa haukunijia hata kidogo. Nilikuwa natafuta vitu vya moyo, na ufa ulikuwa kitu cha ukuta.

Kabla ya saa sita dari ilishuka. Sikusikia mlio mkubwa kama watu wanavyodhani. Nilisikia upepo, kisha tochi yangu ikamulika vumbi tupu. Sisi wengine tulikuwa upande wa kamba. Yaya peke yake alikuwa upande wa pili wa mti wa tatu. Tulichimba kwa mikono, tukapokezana, na jua lilipoanza kuinama tulimtoa akiwa hai. Daktari alisema ni mgongo, na kwamba miguu haitamsikia tena.

Tukamleta nyumbani Likasi, mtaa wa Kikula, katika vyumba viwili alivyovijenga mwenyewe kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Mke wake ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza ili ngozi isioze, aliyemlisha na mtoto wao yuko mgongoni. Sikumsikia akilalamika.

Mama yetu aliiacha parokia baba alipofariki, akaingia kwenye kikundi cha maombi cha akina mama kinachokutana katika viwanja vya watu. Bamama wale walikuja. Mkubwa wao aliingia, akamtazama yaya muda mrefu, akatoka nje akasema, "Ardhi haifunge muntu bure. Kitu iko mu hii nyumba." Wakatuwekea siku tatu za kufunga. Kila alasiri tuliketi uani juu ya mikeka, na kila mtu wa nyumba alitakiwa kujitafuta na kutoa.

Mama alianza. Alilia, akasema alimnung'unikia Mungu wakati wa kifo cha baba. Wakamwombea.

Zamu yangu ikaja. Nilijua cha kusema. Nikainamisha macho kwenye mkeka. Nikasema, "Nilipokuwa mudogo nilikuwa naiba sukari ya mama."

Wakacheka. Mmoja akanipigapiga begani akasema, "Huyu mutoto iko safi kama maji ya mvua." Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu watu kunicheka nikafurahi. Ninaionea haya furaha ile mpaka leo.

Kisha mke wa yaya. Alisema, "Jumatatu ile aliondoka tumegombana juu ya makala ya kupikia. Nilimuambia ananiachia nyumba bila moto. Sikumusindikiza hata kwa mulango."

"Makala tu?" akauliza mkubwa wa bamama.

"Makala tu, mama."

"Makala haiwezi kufunga shimo. Tafuta tena, mwana wangu. Shuka chini zaidi."

Siku ya pili wakamwambia ashuke chini zaidi. Siku ya tatu pia. Kila mtu wa Kambove na wa Likasi anajua wanachosema wachimbaji: mke akitoka nje ya ndoa, mume hulipa chini ya ardhi. Hakuna aliyelitamka, ila mikeka yote ilikuwa inamtazama. Siku ya tatu hakuwa na sauti tena, akanyamaza, na mkubwa wa bamama akasema aliyenyamaza amejibu. Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi kwamba mtoto wake alikuwa anashika shati langu.

Baada ya hapo nilikimbilia kanisani kwetu parokiani, maana mimi sikuhama. Kulikuwa na kijitabu cha kujitayarisha kwa kitubio, chenye maswali yaliyopangwa kufuata amri kumi. Kila asubuhi baada ya misa niliketi benchi la mwisho na daftari langu. Niliishia darasa la sita na ninaandika polepole. Ukurasa mmoja ulinichukua asubuhi nzima. Je, nimetaja bure jina la Mungu? Je, nimemheshimu mama? Je, nimekuwa na mawazo mabaya? Niliandika yote. Niliandika wivu wa buti. Niliandika kwamba nilisinzia kwenye rozari. Kila nilipopata dhambi mpya nilisikia nafuu, kama mtu anayeona mfuko wake unajaa. Sasa ninaelewa kwamba mifuko ile nilikuwa naipanga mbele ya ufa, ili nisiuone.

Jumamosi moja alasiri nikaingia kwa padiri na daftari. Alikuwa mzee, na alikuwa amechoka. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipofungua wa pili alinizuia.

"Ziko ngapi?"

"Kurasa nne, padiri."

"Katika zote hizo, nitajie moja tu yenye muntu ndani."

Sikuelewa. Akasema tena, kwa upole, "Moja ambayo kuna muntu analia juu yake."

Nikafunga daftari. Nikamweleza ufa. Nilieleza vibaya, nikirudi nyuma mara nyingi, nikamweleza na mikeka, na makala, na mke wa yaya.

"Hiyo hukuiandika?"

"Haiko katika maswali, padiri."

Hakunikaripia. Alisema kujitafuta hakuna mwisho kama mtu anataka kusiwe na mwisho. Anaweza kukaa chini huko mpaka afe. Aliyepata alichokitafuta anapanda nacho juu. Kisha akaniondolea dhambi, na malipizi aliyonipa hayakuwa sala. "Nenda ukaseme. Si kwangu. Mimi sikuangukiwa na kitu. Sema kwa yaya yako na kwa mama yako."

"Lini, padiri?"

"Leo, kabla ya kula."

Nilifika nyumbani, wakawa wamekwisha kula. Nikaona ni sababu ya kutosha. Kesho yake kulikuwa na wageni. Keshokutwa yaya alikuwa na homa. Kila asubuhi nilijihoji kwa nini sikusema jana, nikajilaumu kwa bidii, nikalia hata, na kulia kule kukanitosha kwa siku nzima. Mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu. Nilikuwa najitafuta huku nikijificha.

Ndipo mjomba wa mke wa yaya akaja na baiskeli kutoka kijiji chao kando ya ziwa Tshangalele. Mama alikuwa amemwita. Hakukuwa na kelele. Mama alisema tu kwamba msichana aende akapumzike kwao kwanza, na kila mtu alijua maana yake. Yaya alikuwa nyuma ya pazia na hakusema neno.

Mke wa yaya alifunga nguo zake katika beseni la buluu lenye ukingo uliopasuka, uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Nilibeba beseni mpaka mlangoni. Hapo akanigeukia.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. "Weye ulikuwa naye kule chini. Siku zile alikuwa ananisema mubaya?"

"Hapana, shemeji."

"Basi uwaambie hivyo."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Mjomba alikuwa ameshika baiskeli. Nilitazama ile plastiki ya beseni, ilivyoyeyuka ikakauka kama ute wa konokono. Nikasema, "Safari njema."

Alinitazama kidogo, akachukua beseni.

Kuanzia siku ile kumwogesha yaya kukawa kazi yangu. Siku ya kwanza nilimgeuza kwa ubavu, uso kwa ukuta, na kwa kuwa hakuweza kuniona, nikapata nguvu kidogo. Kitambaa kilikuwa bado mkononi mwangu.

"Yaya. Ile Jumatano niliona ufa. Nyuma ya muti wa tatu. Vidole viwili viliingia."

Aliugusa ukuta kwa ncha ya kidole.

"Vitatu," akasema.

"Nini?"

"Alhamisi asubuhi vilikuwa vitatu. Nilitangulia kushuka, nikapima."

Sikujua niweke wapi kitambaa.

"Nilikuona siku ile unatia vidole," akaendelea, akiuambia ukuta. "Nilikuwa nyuma yako, nimezima tochi. Jioni nikangoja kama utasema. Ungesema, na mimi ningesema ndiyo, tufunge siku mbili, tutie miti. Ukanyamaza. Nikamushukuru Mungu kwamba umenyamaza."

Nikakumbuka mdomo wa shimo na sisi tumevua kofia. Yaya alimuuliza mzee, akamuuliza yule asiyesali, akamuuliza yule mwingine, akaniuliza mimi. Katika miezi yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza yeye. Anayeuliza haulizwi.

"Na bibi yako, yaya? Bamemufukuza."

"Achia ile maneno."

"Haiko kosa yake."

"Nikisema, bale watatu wa timu watakuja hapa kuniuliza kwa nini niliwateremsha. Nitajibu nini? Minye siko na miguu ya kukimbia." Akapumua. "Usimuambie mama. Nigeuze."

Usiniulize nililala namna gani. Asubuhi nilimkuta mama uani anachekecha unga, nikasimama mbele yake. Nilisimama muda mrefu mpaka akaniuliza kama naumwa tumbo. Nikasema. Nilisema ufa, vidole viwili, mti wa tatu, Jumatano, na kwamba mke wa yaya hana kosa. Ya vidole vitatu sikuyasema, maana yale yalikuwa ya yaya kuyasema. Ni maneno machache, lakini sijawahi kusema mengi hivyo mbele ya mama kwa mara moja.

Mikono yake ilisimama. Akamwita yaya kule ndani, "Baba, mudogo wako anasema eti kulikuwa ufa. Ni kweli?"

Pazia halikutikisika. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba. Tukangoja.

"Minye sijui, mama," yaya akajibu. "Kule chini ni giza."

Mama akanitazama, na macho yake yakajaa machozi, lakini hayakuwa machozi niliyoyaogopa. "Weye uko na moyo laini," akasema. "Unamuonea huruma. Lakini usibebe zambi ya mwenzako, mwana wangu. Kila muntu abebe yake." Akanishika shavu kwa mkono wenye unga, akarudi kwenye chekeche lake. Jioni nilimsikia akimsimulia jirani kwamba mtoto wake mdogo ni kama mtakatifu, alitaka kujisingizia ili kumwokoa shemeji yake.

Nilikuwa nimekaa miezi nikiogopa kwamba nikisema nitachukiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba nitasema na nisisadikiwe. Nilijificha vizuri mno, kwa muda mrefu mno, na sasa hakuna aliyeweza kuniona hata nilipojitokeza.

Nikaenda Tshangalele kwa pikipiki. Nilimkuta shemeji kando ya maji na wanawake wa kwao, anaparua magamba ya samaki, mtoto amekaa mchangani. Hakuinuka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, yangu na ya yaya, pamoja na vidole vitatu. Wenzake walisogea mbali kidogo na visu vyao.

Alimaliza samaki aliyekuwa mkononi. Kisha akasema, "Nilikuwa nimekwisha kuipata."

"Kupata nini?"

"Ile zambi. Walisema nishuke chini, nikashuka. Hata hapa nilikuwa naendelea kushuka. Kulikuwa kijana mumoja kwa bomba la maji, siku moja alinisaidia kuweka ndoo kwa kichwa, akasema neno, nikacheka. Ni hivyo tu. Lakini nilitafuta, nikatafuta, mpaka ile kicheko ikakuwa kitu kubwa." Akapangusa kisu kwenye kanga. "Hii juma nilikuwa nataka kuja kwa mama yako kuomba musamaha. Nilikuwa nataka kusema ni kweli."

Sikuweza kumtazama.

"Yaya yako anajua ile umeniambia?"

"Anajua."

"Na mbele ya mama alinyamaza."

"Alisema ni giza."

Akachukua samaki mwingine. "Basi sitarudi na mudomo wako, shemeji. Umechelewa, na weye peke yako hautoshi. Aseme yeye. Siku atasema, nitasikia. Likasi si mbali."

Alinipa samaki wawili, amewafunga katika jani, wa kumpelekea mgonjwa. Yaya aliwala wote wawili na hakuuliza nimewatoa wapi.

Sasa sijihoji tena kwa daftari. Lile langu nimelipata, liko wazi mbele yangu mchana wote, halihitaji kutafutwa. Mbali na padiri, nililisema kwa watu watatu na halijamrudisha mtu yeyote nyumbani. Mama anaendelea kuniita mtakatifu. Bamama wa maombi wanaendelea kuja. Mtoto wa yaya anajifunza kutembea mahali ambapo hatuoni.

Lakini kila asubuhi, kabla ya uji, nafungua pazia, navua kofia na kusimama karibu na kitanda.

"Yaya," namuuliza, "uko na kitu?"

Mara ya kwanza alinitukana. Mara ya pili alilia. Siku hizi hanijibu kitu ila, "Nigeuze," nami namgeuza uso kwa ukuta, naanza kumwogesha mgongo. Leo pia amesema hivyo. Nimemwogesha, nimemkausha, nimemfunika.

Hajawahi kusema, "Siko na kitu." Angeweza. Ni maneno matatu, na mimi niliyasema kwa urahisi siku ile. Yeye hayasemi. Sina tumaini lingine nje ya hilo, na kesho nitamuuliza tena.